Mume Wangu Alimtetea Baba Gazetini, Wakaja Kuufunga Mtambo

Mkaguzi wa ushuru alisimama katikati ya ua wa baba yangu, akakunjua gazeti, akaanza kutusomea kwa sauti.

Sentensi ya kwanza tu, nikajua mwandishi ni nani.

Mume wangu.

"'Huko kijijini Gorni Dren,'" akasoma, "'nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu Stamen, kuna mtambo wa shaba wa kupikia pombe ambao haujawahi kuandikishwa katika ofisi yoyote. Hauna leseni. Una zamu, una kuni, na una aibu ya mtu kumpa jirani yake pombe mbaya. Sheria hizo tatu zimetosha miaka yote...'"

Akalikunja gazeti vizuri, kwa heshima kabisa, akaliweka kwapani.

"Mzee Stamen, mtambo uko wapi?"

Mtambo ulikuwa nyuma yake, unachemka. Moshi wake ulikuwa unampiga kisogoni.

Waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wamekalia mapipa yao ya plamu, soseji za moto mkononi. Hakuna aliyetafuna.

Baba aligeuka. Alinitazama mimi.

Wakamwagia moto maji. Shaba ilipopoa, mkaguzi akapitisha waya kwenye mfuniko na kwenye bomba, akaubana kwa lakiri ya risasi, muhuri wa serikali. Koleo ikalia kidogo tu, kama mtu anayevunja karanga.

Basi. Mtambo wa baba ukawa mali iliyofungwa na serikali.

"Yavor," akaita Shangazi Tsona, jirani yetu, bado amekalia pipa lake. "Wewe mtoto nimekuogesha mimi."

"Shangazi, tafadhali. Niko kazini," mkaguzi akajibu.

"Na mwaka jana ulipoleta mapipa ya mama yako hapa, ulikuwa kazini au likizo?"

Mkaguzi mwenzake, mtu mzima wa tumbo, akageuka kuangalia mawingu.

Alipokuwa anaondoka, yule wa tumbo akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye mke wa mwandishi?"

"Ndiyo."

"Mwambie asante. Ametupunguzia kazi."

Niiteni Ralitsa. Nafundisha takwimu chuoni, Sofia, Bulgaria. Sina kawaida ya kueleza mambo ya nyumbani kwetu mtandaoni, na hii sitaisimulia mara mbili. Nitaieleza ilivyokuwa, kwa mpangilio wake.

Mume wangu, Lyuben, alikuwa na safu ya kila Jumamosi kwenye ukurasa wa maoni. Wengi wenu mmeisoma, na wengine mmeitukana. Hoja yake ilikuwa moja, ikibadilishiwa nguo tu kila wiki: serikali ni mpangaji aliyejifanya mwenye nyumba. Mtu mzima anayejua kuendesha maisha yake bila kumdhuru mwenzake, aachwe.

Mimi pia naamini hivyo. Sikuolewa na hoja zake, nilizikuta tunafanana.

Ila Lyuben alikuwa na ugonjwa wa waandishi wa maoni. Kila Jumamosi alihitaji mfano.

Wiki ile serikali ilikuwa imetangaza kwamba itabana upikaji wa rakia, pombe yetu kali ya matunda, vijijini. Mawaziri wakasema ni usalama wa afya. Lyuben akasema ni ushuru uliovaa koti la daktari. Makala ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa inaelea hewani.

Ndipo akamweka baba ndani. Jina, kijiji, na mahali mtambo ulipo nyuma ya nyumba.

Nilisoma kabla haijatoka. Nikamsahihishia mkato mmoja. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli, na mimi kitu kikiwa kweli huwa nakipitisha.

Naomba muelewe mtambo ule ulikuwa nini.

Tangu mama afariki, watu huja uani kwa baba kwa sababu hiyo moja. Plamu zikiiva, kila nyumba inazichachisha kwenye mapipa yake, halafu inasubiri zamu. Mwenye zamu ndiye anayeleta kuni na kuwalisha wote waliopo. Maji yanayotoka mwanzo ni sumu, baba huyatenga, na Shangazi Tsona huyachukua ajipake magotini. Yanayofuata ndiyo rakia.

Baba anakaa kwenye kigoda, anaonja, anasema "bado", au anasema "sasa". Mwaka mzima hakuna anayemuuliza kitu. Msimu wa plamu kijiji kizima kinasubiri neno lake.

Na plamu zilizochacha hazingoji. Zikipitiliza zinakuwa siki, na siki hakuna mtambo unaoirudisha.

Kwa hiyo, mtambo usipofunguliwa upesi, mapipa yote uani yalikuwa ya kumwaga. Na baba naye...

Nilimpigia Lyuben nikiwa bado nimesimama uani.

"Wameufunga."

"Nani? Nini?"

"Mtambo wa baba. Wamekuja na makala yako. Wametusomea."



"Wamesoma aya ipi?"

Jamani. Mume wangu ni mtu mwema, lakini ndivyo alivyouliza.

Alikuja siku iliyofuata. Baba alimpokea kama kawaida, akampa kiti, supu na pilipili za kuchoma. Kwenye ukuta wa banda la mtambo ile makala ilikuwa bado inaning'inia, ndani ya fremu ya kioo. Baba alikuwa ameitundika mwenyewe Jumamosi ile ilipotoka. Alikuwa akimwonyesha kila aliyeleta pipa.

"Baba, nitarekebisha hili," Lyuben akasema. "Siwezi kukaa kimya. Nitaandika."

"Utaandika nini tena, mkwe?"

"Nitakutetea."

Baba akakata mkate taratibu.

"Ile ya kwanza ilikuwa nini? Haikuwa kunitetea?"

Lyuben akamaliza supu yake. Akaandika.

Makala ya pili ilikuwa kali kuliko zote alizowahi kuandika. Alieleza moto unavyomwagiwa maji. Alieleza koleo. Halafu akaweka hoja yake ya msingi: kwamba katika milima ile mitambo kama ya baba iko kila bonde, kila mtu anajua, watu hawafi, na kwa hiyo sheria inayovunjwa na watu wema wote ndiyo yenye kosa.

Kimantiki sikuona pengo.

Ikasambaa. Watu wakaigawana kama habari ya msiba. Mwandishi wa gazeti jingine, mwanamke makini anayeheshimika, akamjibu: huyo Mzee Stamen akiumwa atatibiwa kwa kodi ya nani? Hoja yake haikuwa ya kijinga, na Lyuben mwenyewe alikiri. Wakajibizana Jumamosi kwa Jumamosi, kwa adabu, kwa takwimu. Wasomaji wakafurahi sana.

Plamu zikaendelea kuchacha.

Ikaja televisheni. Kijana wa kamera akamsimamisha baba kando ya mtambo.

"Mzee, unaweza kuonekana na huzuni kidogo zaidi?"

"Zaidi ya hii?"

"Hapana, hapo hapo. Safi sana."

Mbunge naye akaja, akapiga picha ameshika lakiri, akasema atalifikisha. Akaondoka na chupa mbili za jamu ya Shangazi Tsona. Mpaka leo sijui alilifikisha wapi.

Halafu yakaja matokeo.

Wizara ilikuwa imeulizwa hadharani: kama mitambo iko kila bonde, mbona mmefunga wa mzee mmoja tu? Ni uonevu? Wizara ikajibu kwa namna pekee ambayo ofisi inaweza kujibu swali kama hilo. Ili isionekane inaonea mmoja, ikawafuata wote.

Bonde la jirani wakafunga mtambo. Lililofuata, wakafunga. Kule juu kwenye nyumba za watawa wakafunga hadi wa padri.

Nawafundisha wanafunzi wangu kila muhula kwamba jambo kufuata jambo si ushahidi kuwa limesababishwa nalo. Nilijirudia sentensi hiyo nikiwa jikoni kwangu, kila Jumamosi mume wangu alipotetea uhuru na kila wiki iliyofuata mtambo mwingine ulipozimwa.

Simu zikaanza kuingia kwangu. Kwake walikuwa hawapigi.

"Wewe ndiye Ralitsa wa Stamen?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Jina si la muhimu. Mumeo anatupenda sana eti?"

"Anajaribu kusaidia."

"Mwambie atuchukie kidogo. Tupumue."

Akakata.

Nilipompelekea baba habari hizo alikuwa akizunguka kwenye mapipa, anafunua kifuniko, ananusa, anafunika. Lyuben alikuwa nyuma yangu. Baba hakupandisha sauti. Mtu asiyepandisha sauti hakupi hata pa kujitetea.

"Mkwe, nakuomba kitu kimoja. Usinitetee tena."

Wiki hiyo Yavor, yule mkaguzi, akanipigia. Akaniomba tukutane kwenye mgahawa wa mjini, mbali na ofisi yake. Alikuja bila sare, na bila sare alionekana kama mtoto wa mtu yeyote.

"Dada Ralitsa, nataka ujue kitu. Sisi tulikuwa tunajua."

"Najua mlikuwa mnajua. Mama yako hupika pale."

"Bosi wangu hupika pale. Yule wa tumbo." Akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Kujua si tatizo. Tatizo ni kujulishwa. Ikiandikwa gazetini, mtu huko juu anaikata, anaiweka juu ya meza ya bosi, anaandika pembeni: mmechukua hatua gani? Hapo mtu akikaa kimya anapoteza kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kilichotujulisha kikifutwa, jalada halina miguu."

"Unafutaje gazeti?"

Akaangalia mlangoni kwanza.

"Gazeti liseme lilikosea. Mumeo aseme alibuni. Hakuna mtambo, hakuna Stamen anayepika, ni mfano tu wa kuipamba hoja. Bosi atalifunga jalada asubuhi yake. Sufuria ya baba yako inabaki kuwa sufuria."

"Lakini si kweli."

"Dada," akasema, "kweli ndiyo iliyowafunga."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Lyuben neno kwa neno. Alikaa kwenye ngazi za jikoni kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Nikisema nilibuni huu mmoja, Rali, kila nilichowahi kuandika kimebuniwa."

"Ndiyo."

"Watasema watu wa uhuru ni waongo. Watakuwa na haki."

"Ndiyo."

"Wewe unaniambia nifanye?"

Ndugu zangu, mimi ni mtu ambaye nimewahi kumkosoa padri tarehe katikati ya mazishi. Sijawahi kumshauri mtu adanganye.

"Plamu zimebakiwa na siku chache," nikamwambia. Hicho tu ndicho nilichokuwa na uhakika nacho.

Kwanza tulikwenda kumwambia baba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi sipo?"

"Upo, baba. Mtambo ndio haupo."

"Na mimi na mtambo tunatofautiana wapi?"

Baba akainuka. Akaenda bandani, akaishusha ile fremu ukutani, akatoa makala, akabaki na kioo mkononi anaangalia pa kukiweka.

"Andika," akasema.

Mhariri wa Lyuben hakumficha. "Ukinipa taarifa hii naichapa, sheria inanilazimisha. Lakini safu yako inakufa nayo. Siwezi kuwa na mwandishi anayebuni wakwe."

Taarifa ilitoka Jumamosi, pembeni ya utabiri wa hali ya hewa. Mistari michache. Mwandishi anakiri kuwa kijiji na mtambo uliotajwa ni vya kubuni. Gazeti linaomba radhi.

Ulikuwa uongo wa kwanza Lyuben kuuchapa maishani mwake. Ndio pekee ambao kila mtu aliuamini.

Yule mwandishi wa gazeti jingine aliandika makala ndefu na ya upole, kuhusu namna itikadi zisizo na ushahidi zinavyolazimika kujitengenezea. Nilitamani kumpigia simu nimwambie aje avute harufu ya ule uongo, unachachia kwenye mapipa. Sikumpigia.

Yavor hakunidanganya. Jalada lilifungwa Jumatatu ile ile.

Nikaenda ofisini kwao kuomba waje waitoe lakiri. Dirishani alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo.

"Lakiri ya wapi?"

"Gorni Dren. Mtambo wa Mzee Stamen."

Akatazama kwenye kompyuta yake. Akatazama tena.

"Hapo hakuna mtambo."

"Upo. Mliufunga nyinyi."

"Dada, jalada limefungwa kwa sababu imethibitika hakuna mtambo. Hapa hata gazeti limeomba radhi. Siwezi kumtuma mtu kufungua kitu ambacho hakipo."

"Sawa. Basi baba ataukata waya mwenyewe."

Akavua miwani.

"Asijaribu. Kuvunja lakiri ya serikali ni kosa la jinai."

"Lakiri iliyofungwa kwenye kitu ambacho hakipo?"

"Lakiri ipo," akanijibu, bila ubaya wowote. "Ina namba yake. Ni mtambo ndio haupo."

Nilisimama pale hadi mtu wa nyuma yangu akakohoa. Nilitafuta kosa katika maelezo yake kama ninavyotafuta kosa kwenye karatasi za mtihani. Kila hatua ilifuata hatua.

Nikampigia Yavor. Akasema amejaribu. Akasema bosi naye amejaribu. Ili waitoe ile lakiri wanahitaji jalada, na ili wafungue jalada wanahitaji mtambo, na wakiwa na mtambo wanatakiwa waufunge.

"Pole, dada," akasema. Nadhani alimaanisha.

Nilikuwa uani siku baba alipolifunua pipa lake la kwanza na harufu ikawa imebadilika. Alilivingirisha hadi chini ya miti, ile ile iliyozaa, akamwaga. Akarudi kuchukua la pili. Lyuben alitaka kumsaidia kusukuma, baba akamwonyesha kwa mkono akae.

Kitu kimoja nilikiona, nikakiweka akilini bila kukielewa. Mapipa ya majirani hayakuwepo tena. Yaliondoka moja moja, bila kwaheri, na hakuna aliyemwaga kitu chini ya mti wake.

Ikaja baridi. Tukaenda kwa baba kula naye mlo wa mkesha wa Krismasi. Shangazi Tsona alikuwepo, majirani walikuwepo, maharage, kabichi ya chumvi, mkate wa kukatiwa kila mtu kipande chake. Na mwishoni mwa meza, amekaa kama mwana wa nyumba...

Yavor.

Baba akaleta rakia ya moto, imechemshwa na asali. Lyuben akaonja. Akaonja tena. Anajua rakia ya mwaka uliopita na anajua mpya.

"Baba, hii ni ya msimu huu."

Baba akampa mtu bakuli la njugu za walnati.

"Imepikwa wapi?"

Meza nzima ikatazama sahani zake. Nilisikia kuni zikipasuka jikoni.

"Imepikwa kwa plamu, mwanangu," Shangazi Tsona akasema. "Kunywa, itapoa."

Nikamtazama Yavor. Alikuwa anapuliza kikombe chake, ametulia, mtu anayejua rakia imetoka bonde gani, nani alikaa kwenye kigoda, nani aliyesema "bado" na nani aliyesema "sasa".

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimuuliza Shangazi Tsona kwa sauti ya chini.

"Shangazi, mnamwambia mkaguzi wa ushuru, sisi hamtuambii?"

Akanifuta povu kwenye mkono kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

"Yavor ni mkaguzi, mwanangu. Anajua kunyamaza. Mumeo anatupenda."

Nikaendelea kuosha sahani.

Mtambo wa baba bado upo bandani na waya wake. Baba huupangusa vumbi kila wiki, kwa uangalifu, asiiguse lakiri. Kijiji kinapika. Kinapika vizuri, bila leseni, bila kumdhuru mtu, kwa zamu na kuni na aibu, sawasawa na Lyuben alivyoandika. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Sisi wawili tu ndio tusiojua ni wapi, na baba anapokwenda huko anatoka mapema bila kutuaga.

Mnaniuliza somo ni lipi. Kuna uhuru ulioandikwa kwenye sheria. Huo utetee gazetini, upigie kelele, mshitaki waziri. Na kuna uhuru mwingine unaoishi kwa sababu watu wenye mamlaka wameamua kuangalia mawingu. Huo ukiusifu hadharani, umewalazimisha wageuke. Ukiupenda, unywe, urudishe kikombe, usimtaje mwenye nyumba.

Majina yote humu nimeyabadilisha, na kijiji pia. Na kama kuna mtu ofisini anasoma hii na kuandika pembeni "mmechukua hatua gani", jibu langu ni lile lile lililochapwa pembeni ya utabiri wa hali ya hewa.

Mwandishi alibuni.